Umejuaje? Maswali ya Hesabu toka Bogoro

Lipo swali ambalo mtoto wa shule hulitoa mara akiisha kujifunza kuandika hesabu mpaka mia, na ambalo mara nyingi huambiwa alinyamazie: "Mwalimu, kwa nini tukifika kumi tunaanza tena? Kwa nini si nane, au kumi na mbili?" Swali hilo si utundu. Ni swali la haki, na mahali kama Bogoro lina uzito kuliko penginepo, kama tutakavyoona.

Bogoro ni njia panda. Iko kilomita 25 hivi kutoka Bunia, juu ya uwanda wa milima, na barabara ya Kasenyi hutelemka kutoka hapo mpaka Ziwa Albert, hali nyingine hushika upande wa Geti. Wenye samaki hupanda kutoka ziwani, wenye mihogo na maharagwe hutoka vilimani, na hapo katikati hukutana watu wa lugha mbalimbali, Wahema, Wangiti, Wabira na wengineo, Kiswahili kikiwa daraja baina yao. Mahali watu wanapouziana vitu, hapo hesabu hailali. Mwuza samaki wa sokoni hupanga mafungu chini, na kila fungu lina bei yake. Mama anayenunua hutazama fungu moja, akahesabu samaki, akakadiria unene wao, akalinganisha na fungu la jirani lenye samaki wachache lakini wakubwa, kisha akatoa neno lake la bei. Yote hayo kwa dakika moja, bila kalamu. Mwambie kwamba amefanya hesabu ya uwiano, naye atacheka. Lakini ameifanya, tena bila kosa, maana akikosea watoto wake watalala njaa nusu.

Basi turudi kwenye swali la kumi. Jibu tulilolizoea ni vidole: mtu ana vidole kumi mikononi, ndiyo sababu. Jibu hilo ni jema ila halitoshi, kwa kuwa vidole kumi ni vya watu wote, wala si watu wote waliohesabu kwa kumi. Kuutafuta ushahidi hatuna haja ya kwenda mbali. Wangiti ni majirani wa Bogoro. Constance Kutsch Lojenga, mtaalamu wa lugha aliyechapisha mwaka 1994 kitabu kikubwa cha sarufi ya Kingiti, alionyesha kwamba hesabu ya asili ya lugha hiyo hupanda kwa hatua za nne nne. Liko jina la nne, la nane, la kumi na mbili, la kumi na sita, na kuendelea hivyo mpaka 32, na hapo kwenye 32 ndipo penye kituo kikubwa. Tisa husemwa kama nane na moja. Kumi na tatu ni kumi na mbili na moja. Shuleni watoto wote hufundishwa kuhesabu kwa kumi, lakini katika lugha ya mababu njia nyingine ilikuwapo, nayo ilifika mbali vilevile.

Asifikiri msomaji kwamba hilo ni jambo la ajabu la watu wachache. Kiswahili chenyewe kinaficha kitu cha namna hiyo. Sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu. Tisa ilikuja ikamsukuma kando mzee kenda, ambaye siku hizi husikika kwa nadra. Lakini nane ni neno letu la Kibantu, na wajuzi wa lugha hizi wanatuambia kwamba asili yake ni nne iliyosemwa mara mbili. Nne, nane: sikiliza tu. Kila asemaye "nane" anasema "nne na nne" bila kujua.

Je, kuna faida gani kuhesabu kwa nne na kwa 32? Chukua samaki 32 uwagawe watu wawili: kila mmoja apata 16. Gawa tena: nane. Tena: nne. Tena: wawili. Tena: mmoja mmoja. Umegawa mara tano wala hukushika kisu. Sasa chukua samaki kumi. Gawa mara moja, watano. Mara ya pili kisu kinahitajika na ugomvi uko karibu. Na kijana anayefungua simu yake atakuta kadi ya kutunzia picha imeandikwa 16, au 32, au 64, wala si 30 wala 60. Sababu ni kwamba mashine hizo zinajua hali mbili tu, ishara ya umeme ipo au haipo, na kitu kinachojua mbili tu hukua kwa kujirudufu: mbili, nne, nane, 16, 32. Sisemi kwamba wazee wa Kingiti waliiona simu kabla haijaja. Hayo yangekuwa maneno ya kujipendekeza. Nasema tu kwamba 32 ni namba yenye tabia njema, na kwamba tabia hiyo haitegemei ni nani anayeitazama.

Lakini kwa nini nne hasa? Mmoja atasema: ni vidole vya mkono bila gumba, na mikono miwili ni nane. Mwingine atasema: ni sababu ya kugawana, kama tulivyoona. Majibu yote mawili yanapendeza. Hapo ndipo lifaapo swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza: umejuaje? Jambo linaloweza kuwa kweli si sawa na jambo linalojulikana kuwa kweli, na katika hesabu tofauti hiyo ndiyo kazi yote. Mwanafunzi anayejua kuuliza "umejuaje?" kwa adabu, hata kwa mwalimu wake, amekwisha kuanza.

Swali hilo si la darasani tu, na watu wa Bogoro wanalo sababu ya kulijua. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Shauri lilifika mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Mwaka 2014 mkuu mmoja wa wapiganaji alihukumiwa, na tarehe 24 Machi 2017 mahakama ikatoa amri ya fidia. Majaji walilazimika kufanya hesabu ambayo hakuna mtu angetamani kuifanya. Walichungua maombi ya watu 341, wakakubali ya watu 297. Madhara yote ya hao 297 waliyakadiria kuwa dola 3,752,620. Aliyehukumiwa walimwekea deni la dola 1,000,000, naye hakuwa na mali, hata ikabidi kuuomba Mfuko wa Wahanga utoe. Kila mmoja wa hao 297 aliwekewa dola 250, na pamoja nazo misaada ya wote kwa jumla: makazi, elimu, kazi za kuleta kipato, na kuwatuliza waliojeruhiwa moyoni.

Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuzishika namba hizo mkononi. Mara 297 kwa 250 ni 74,250. Gawa 3,752,620 kwa 297, utapata 12,635 na kidogo. Kwa hiyo dola 250 ni kama sehemu moja katika hamsini ya madhara ya mtu mmoja kwa wastani. Mahakama yenyewe ilisema wazi kwamba fedha hiyo ni ya ishara tu, haikukusudiwa kulipa yote. Wala sitaji namba hizo ili kuwasha hasira. Nazitaja kwa ajili ya lile neno "wastani". Wastani ni kukusanya vyote katika chungu kimoja na kugawa sawasawa. Aliyepotewa na nyumba na aliyepotewa na mtoto wote wametiwa chunguni humo, na 12,635 si hesabu ya hata mmoja wao. Namba ikija kwetu imevaa mavazi ya heshima, toka mahakamani au ofisini au redioni, ina haki ya kuheshimiwa. Nasi tuna haki ya kuiuliza: unahesabu nini, na umejuaje?

Tuiache barabara, tufuate mto. Ziwa Albert, ambalo samaki wa Bogoro hutoka humo, hupokea maji ya mto Semliki, na Semliki nao hutoka Ziwa Edward, mbali upande wa kusini. Pale pale mto unapotoka ziwani pana mahali paitwapo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, mjuzi wa miamba na udongo, alikuwa akichimba huko, akakuta kati ya vitu vya watu wa kale mfupa mdogo wa urefu wa sentimita kumi hivi, rangi ya kahawia nzito, wenye kipande cha jiwe gumu kimepachikwa nchani. Ubavuni mwake mlikatwa mikato midogo kwa mpango. Mwanzoni alidhani umri wake ni miaka kama 9,000. Vipimo vya baadaye vikaurudisha nyuma hata miaka 20,000 hivi. Piramidi za Misri ni watoto wa juzi mbele yake. Leo umehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Brussels.

Mikato hiyo imekaa kwa mafungu, na mafungu yamekaa kwa safu tatu. Safu ya kwanza ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Ya pili: 11, 21, 19 na 9. Ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Mwombe mtoto ajumlishe. Safu ya kwanza ni 60, ya pili 60, ya tatu 48.

Nani asiyevutwa na mfupa kama huo? De Heinzelin hakuwa mtu wa hesabu kwa kazi yake, lakini mwaka 1962 aliandika maoni yake. Katika safu ya pili aliona 10 na 20, kila moja ikiongezwa moja na kupunguzwa moja: 11 na 9, 21 na 19. Katika ya tatu aliona kurudufu: 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na 5. Na ya kwanza ndiyo iliyowatia watu wengi wazimu kidogo, kwa maana 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Tena hizo ni namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, hakuna iliyosahauliwa. Baadaye akatokea Mmarekani Alexander Marshack, mwandishi wa habari, asiye mtaalamu wa mambo ya kale wala wa hesabu, akautazama mfupa kwa hadubini na kusema kwamba mikato ni hesabu ya siku za mwezi mwandamo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Na wako wanaosema kwamba mikato ilikatwa tu ili mfupa usiteleze mkononi!

Tuwaulize wote: mmejuaje? Tuanze na mwezi. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, basi miezi miwili ni 59. Safu ina 60. Tofauti ya siku moja yaweza kusamehewa, kwani mawingu ya Ruwenzori hayana haraka ya kuondoka. Lakini 48? Mwezi mmoja na nusu ni siku 44 na robo. Hapo Marshack anahitaji msaada mwingi. Sasa namba tasa. Mtu hawezi kujua kwamba 13 ni tasa asipokuwa amejaribu kuigawa kwa mbili na kwa tatu na kushindwa. Je, katika mfupa iko alama yoyote ya kugawanya? Kurudufu ipo, hiyo naikubali, ingawa ile 7 ya mwisho imebaki bila mwenzake. Lakini ukiyachungua sana mafungu 16 hutakosa kuona kitu, kama vile mtu anayeyatazama mawingu kwa muda mrefu lazima aone ng'ombe. Yanayojulikana kwa hakika ni machache: kwamba mtu fulani kando ya Semliki alikaa akakata mikato 168, akaitenga kwa mafungu yasiyo sawa. Mimi naona mkono uliohesabu. Alihesabu nini, hakumwambia mtu ambaye tumemsikia.

Mfupa haujibu, lakini wapo waliojibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mhungaria Emil Torday alisafiri katika nchi ya Wakuba, huko Kasai. Akawakuta watoto wamekaa mchangani wakichora. Wakamwita ajaribu mchezo wao: kuchora umbo lenye mistari mingi bila kuinua kidole na bila kupita mara mbili juu ya mstari mmoja. Mzungu akajaribu, akashindwa, nao wakafurahi sana. Naipenda habari hii kuliko zote, kwa kuwa hapa mwenye kuuliza ni mtoto, na mwenye kufeli mtihani ni mgeni msomi.

Tuujaribu wenyewe. Chora mraba mchangani, kisha uunganishe pembe zake kwa mistari miwili inayokatana katikati. Jaribu kuuchora wote bila kuinua kidole. Huwezi. Jaribu mpaka jioni, hutaweza. Sasa ongeza paa juu yake, yaani mistari miwili inayokutana kileleni, umbo liwe kama nyumba. Umeongeza kazi, nawe ungedhani umezidisha ugumu. Kumbe sasa yawezekana! Anza pembe ya chini kushoto, nenda chini kulia, panda juu kulia, vuka juu kushoto, panda kileleni, shuka juu kulia, telemka mshazari mpaka chini kushoto, panda juu kushoto, kisha telemka mshazari mpaka chini kulia. Mistari minane, yote imepitiwa.

Sababu yake ni nyepesi kama kuingia sokoni na kutoka. Kila kidole kinapopita kwenye pembe, huingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mwingine. Basi mistari ya pembe hutumika miwili miwili, na pembe inayopitiwa tu sharti iwe na mistari shufwa: miwili, minne, sita. Ikiwa pembe ina mistari witiri, kama mitatu, basi mmoja hubaki bila mwenzake, na pembe hiyo haina budi kuwa mwanzo wa safari au mwisho wake. Safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja, kwa hiyo pembe za witiri haziwezi kuzidi mbili. Hesabu sasa: mraba wetu wa kwanza una pembe nne zenye mistari mitatu mitatu. Nne ni nyingi mno. Lile paa liliongeza mstari mmoja kwa kila pembe ya juu, zikawa na minne. Zikabaki pembe za witiri mbili za chini, nasi tukaanzia kwenye moja na kuishia kwenye nyingine. Hili ndilo jibu kamili la "umejuaje?". Hatusemi "nimejaribu mara mia nikashindwa". Twasema "hakuna atakayeweza, na hii ndiyo sababu".

Sababu hiyo Leonhard Euler wa Uswisi aliiandika mwaka 1736, kwa ajili ya swali walilokuwa wakiulizana wakaaji wa Königsberg, mji uitwao leo Kaliningrad: je, mtu aweza kuyavuka madaraja yao saba, kila moja mara moja tu? Sehemu za mji zilikuwa nne, moja yenye madaraja matano na tatu zenye matatu matatu. Zote witiri. Haiwezekani. Swali la watu wa matembezi likazaa tawi zima la elimu, nalo leo hutumika kupanga njia za magari na nyaya za simu.

Rafiki wa Euler, Christian Goldbach, alikuwa mtumishi wa serikali ya Urusi, na hesabu kwake ilikuwa mapenzi ya wakati wa mapumziko. Tarehe 7 Juni 1742 alimwandikia Euler barua yenye swali ambalo leo twaliandika hivi: je, kila namba shufwa iliyo kubwa kuliko mbili ni jumla ya namba tasa mbili? Nne ni 2 na 2. Kumi ni 3 na 7, au 5 na 5. Hata 32 ya Wangiti hukubali: ni 13 na 19, mafungu mawili ya mfupa wa Ishango, jambo ambalo ni bahati tu lakini lanifurahisha. Mashine zimejaribu namba zote mpaka 4 yenye sifuri 18 nyuma yake, na hakuna hata moja iliyokataa. Walakini tangu mwaka 1742 hakuna mtu aliyetoa sababu, kama tulivyoitoa kwa ule mraba mchangani. Namba moja tu iliyokataa ingetosha kumaliza shauri. Mwenye kalamu na aanze na mia moja: hukubali kwa njia sita, na ya kwanza ni 3 na 97.